Yah: Bendi iliyobeba jina la duka ikakosa maduka

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua ili nijibu makala iliyochapishwa wiki mbili zilizopita katika ukurasa wa burudani, ambayo mwandishi wake alishikilia kwamba thamani ya mwanamuziki hupimwa kwa idadi ya nakala anazouza au ya watu wanaomtazama mtandaoni, na kwamba msanii asiyenunuliwa hana wa kumlaumu ila nafsi yake. Sina ugomvi na mwandishi huyo, ambaye mimi humsoma kila Jumamosi, na mengi aliyoyasema kuhusu uvivu wa baadhi ya wasanii wetu nayaunga mkono. Kilichonisukuma kushika kalamu ni dai lake moja tu, kwamba soko humwona kila anayestahili kuonwa. Mimi si mwanamuziki. Nilifanya kazi ya kusambaza vitabu kwa miaka 22 kabla ya kustaafu, na kazi hiyo ilinifunza kwamba soko haliwezi kukikataa kitu ambacho hakikulifikia. Kitabu kilicholala bohari hakijakataliwa na mtu yeyote, hakijaonwa tu.

Mfano nitakaoutoa unatoka mbali. Ni wa bendi ya muziki wa roki iitwayo Big Star, iliyoundwa mwaka 1971 mjini Memphis, katika jimbo la Tennessee, Marekani. Nimeuchagua kwa sababu habari za kuanguka kwake zimehifadhiwa hatua kwa hatua, kiasi kwamba mtu wa usambazaji anaweza kuzisoma kama daftari la bohari na kuona hesabu ziliharibika katika ukurasa upi. Niliifahamu katikati ya miaka ya 1980, shemeji yangu aliporudi kutoka masomoni huko na kanda aliyorekodiwa na mwenzake wa bwenini, isiyo na jalada wala picha, ila maneno mawili yaliyoandikwa kwa penseli. Nilidhani ni majigambo ya vijana wanaojiita nyota. Baadaye nilikuja kujua kwamba jina hilo ni la maduka ya vyakula, na moja ya maduka hayo lilikuwa jirani na studio ya Ardent, ambako vijana hao walikuwa wakirekodi usiku na kutoka mara kwa mara kwenda kununua vitafunwa. Kwa hiyo bendi iliyojipa jina la duka ndiyo iliyokuja kufa kwa kukosa maduka.

Walikuwa wanne: Alex Chilton na Chris Bell, waliotunga, kuimba na kupiga gitaa, Andy Hummel kwenye besi, na Jody Stephens kwenye ngoma. Chilton hakuwa mgeni wa soko. Akiwa na miaka 16 tu aliimba wimbo wa bendi ya The Box Tops uitwao The Letter, ambao haufikishi hata dakika mbili lakini ulishika namba moja Marekani kwa wiki 4 mwaka 1967. (Nakiri kwamba inanichekesha kidogo kumtaja katika barua mtu aliyepata umaarufu kwa wimbo wa barua.) Nakumbusha jambo hili kwa sababu linajibu sehemu ya hoja ya mwandishi wenu. Sauti ile ile, ya mtu yule yule, ilinunuliwa na umma mzima ilipokuwa na msambazaji, na miaka mitano baadaye haikununuliwa. Je, kipaji kilikuwa kimepungua? Aliyesikiliza nyimbo za vipindi vyote viwili hawezi kusema hivyo, kwa maana katika The Box Tops Chilton aliimba sana nyimbo za wengine chini ya amri ya watayarishaji, ilhali katika Big Star alikuwa akitunga mwenyewe pamoja na Bell, na kila mmoja akimnoa mwenzake.

Mwenye studio, John Fry, alikuwa mtu wa aina ambayo sijaiona mara nyingi katika biashara. Aliwafundisha vijana hao kuendesha mitambo ya kurekodia, kisha akawaachia waitumie usiku wakati wateja wa kulipa wamekwisha kuondoka. Matokeo yake ni kwamba santuri yao ya kwanza ilirekodiwa kwa uangalifu ambao vijana wa umri wao hawangeweza kuulipia. Magitaa yanalia kwa uwazi kama kengele, sauti za waimbaji zinapandana bila kufunikana, na katika nyimbo za polepole kuna ukimya unaoachwa makusudi kati ya noti na noti. Walikuwa wamekulia katika mji wa blues na soul, miziki ya Wamarekani weusi, lakini masikio yao yalikuwa kwa The Beatles na bendi nyingine za Uingereza za miaka ya 1960. Hapo ndipo palipokuwa na kosa lao la kibiashara, ikiwa tunataka kuliita kosa, kwani mwaka 1972 roki ya Marekani ilikuwa imehamia kwenye nyimbo ndefu, magitaa mazito na majukwaa makubwa, na wimbo mfupi wenye kiitikio kitamu ulionekana kuwa mavazi ya mwaka uliopita.

Santuri hiyo ilitoka mwaka 1972 ikiitwa #1 Record, yaani santuri namba moja, jina lililokuwa nusu mzaha na nusu dua. Wahakiki waliisifu karibu kwa kauli moja, na jarida la biashara ya muziki la Billboard liliona kwamba kila wimbo ndani yake ungeweza kutolewa peke yake kama wimbo wa kuuza. Vituo kadhaa vya redio vilianza kuzipiga nyimbo hizo. Sasa naomba wasomaji waangalie kilichofuata, kwa kuwa ndicho kiini cha barua hii. Msikilizaji aliyezisikia nyimbo hizo redioni na kwenda dukani na fedha zake mara nyingi hakuikuta santuri. Studio ya Ardent ilisambaziwa kazi zake na Stax, kampuni kubwa ya muziki wa soul ya hapo hapo Memphis, ambayo mawakala wake walijua namna ya kumfikia mnunuzi wa soul lakini hawakuwa na njia ya uhakika ya kuwafikia wanunuzi wa roki. Mwaka huo huo Stax ilifunga mkataba na Columbia, kampuni kubwa ya santuri, ili hiyo iwe msambazaji wake wa nchi nzima, hatua ambayo kwa karatasi ilikuwa ya busara. Lakini Columbia haikutaka kushughulika na mawakala wadogo wa zamani wa Stax, na katika kubadilisha njia hata nakala chache zilizokuwa madukani ziliondolewa. Inakadiriwa kwamba ziliuzwa nakala zisizofika 10,000.

Nimewahi kushuhudia jambo la aina hiyo katika vitabu. Msambazaji mpya anapoingia, hurudisha bidhaa zote za zamani ili aanze na hesabu safi, na katika pengo hilo la miezi mitatu au minne kitabu ambacho walimu walikuwa wamekwisha kuanza kukiulizia husahaulika kabisa. Mwandishi hulaumiwa kwamba kitabu chake hakitembei. Hakuna anayekumbuka kwamba kilifungiwa mlango.

Chris Bell, ambaye ndiye aliyekuwa ameiweka roho yake yote ndani ya santuri ile, aliondoka katika bendi kabla mwaka 1972 haujaisha, akiwa amevunjika moyo. Waliobaki walikuwa karibu kutawanyika. Kilichowarudisha pamoja ni watu wa kalamu, Ndugu Mhariri, na kwa hiyo gazeti kama lako linastahili kulijua tukio hilo. Mwezi Mei mwaka 1973 watu wa Ardent waliwaalika Memphis waandishi wa muziki wa roki zaidi ya 100 kutoka sehemu mbalimbali, kwa kisingizio cha kuunda chama chao cha kutetea maslahi. Chama hakikuwa na maisha. Lakini Big Star ilipopanda jukwaani mbele yao ikiwa na watu watatu tu, waandishi hao, ambao kwa desturi husimama nyuma ya ukumbi wakiwa wamekunja mikono, walicheza. Bendi ikapata moyo wa kurekodi santuri ya pili, Radio City, iliyotoka mapema mwaka 1974 ikiwa na jalada lenye picha ya dari jekundu iliyopigwa na William Eggleston, mpiga picha wa Memphis ambaye leo kazi zake zinatundikwa katika majumba makubwa ya sanaa.

Historia ikajirudia bila hata kubadilisha nguo. Clive Davis, kiongozi wa Columbia aliyeufunga mkataba na Stax, alikuwa amefukuzwa kazi Mei 1973, ule ule mwezi wa mkutano wa waandishi. Kampuni hizo mbili zikaingia katika mvutano, na Radio City ikakwama katikati ya wanaogombana. Inakadiriwa kwamba ziliuzwa nakala zipatazo 20,000, kiasi ambacho kwa Marekani ya wakati ule ni kama tone katika pipa. Hummel akaamua kurudi kwenye masomo. Chilton na Stephens waliingia studio tena mwaka 1974, safari hii na mtayarishaji Jim Dickinson, wakarekodi nyimbo za huzuni nzito, nyingine zikiwa zimevunjwavunjwa kimakusudi, ambazo makampuni yaliyosikilizishwa hayakujua pa kuziweka. Stax yenyewe ilifilisika Desemba 1975. Nyimbo hizo zilitolewa mwaka 1978, wakati bendi ilikuwa imekwisha kufa kwa zaidi ya miaka mitatu.

Kwa kipimo cha makala yenu, habari ingeishia hapo: santuri tatu, hasara tatu, kwaheri. Lakini tuone kilichotokea kwa zile nakala chache. Waandishi waliocheza Memphis walirudi makwao wakiwa na santuri mikononi, na wakaendelea kuzitaja kwa miaka katika uhakiki wa kazi za watu wengine, kama mtu anavyomtaja mjomba aliyefariki kila anapomwona mtoto aliyefanana naye. Wafanyakazi wa maduka ya santuri walizikuta katika masanduku ya bei ya kutupa na kuwarekodia rafiki zao kwenye kanda. Uingereza, santuri mbili za kwanza zilitolewa upya kwa pamoja mwaka 1978, na vijana wa huko, ambao hawakuwa na habari yoyote ya ugomvi wa Stax na Columbia, walizipokea kana kwamba zilirekodiwa juzi.

Ndipo madeni yakaanza kuonekana. Bendi ya R.E.M. ya Athens, Georgia, iliyokuja kuwa miongoni mwa bendi kubwa kabisa za Marekani, haikuficha kwamba ilijifunza kwa Big Star, na mwaka 1988 ilikwenda kurekodi sehemu ya santuri yake Green pale pale Ardent. The Replacements kutoka Minneapolis walikwenda Memphis kurekodi na Dickinson yule yule, na mwaka 1987 wakatoa wimbo ambao jina lake ni Alex Chilton, wakimwazia kama mtu anayepokelewa na umati wa mamilioni, umati ambao maishani mwake hakuwahi kuuona akiwa na Big Star. Bendi ya The Bangles iliuimba upya wimbo wa September Gurls, uliotoka katika Radio City, katika santuri yao ya mwaka 1986 iliyouzwa kwa mamilioni, na hivyo wimbo ule uliokosa duka mwaka 1974 ukaingia nyumba nyingi kwa mlango wa jirani. Uingereza, kundi la This Mortal Coil lilizichukua mwaka 1984 nyimbo mbili za ile santuri ya tatu ambayo hakuna aliyeitaka, na kuwafungulia njia wapenzi wa muziki wa giza na utulivu. Scotland, Teenage Fanclub walizaliwa upya katika sauti hiyo kiasi kwamba hata jina la santuri yao ya mwaka 1993, Thirteen, ni jina la wimbo wa Big Star. Na wengi walioangalia televisheni ya Marekani kuanzia mwaka 1998 waliusikia wimbo wao mwingine kila wiki bila kujua ni wa nani, kwani In the Street ulirekebishwa ukawa wimbo wa ufunguzi wa kipindi cha vichekesho cha That '70s Show.

Jarida la Rolling Stone lilipotoa mwaka 2003 orodha yake ya santuri 500 bora za wakati wote, santuri zote tatu za bendi hii ziliingizwa. Sipendi sana orodha, na nisingeitaja kama mwandishi wenu hakuzitegemea yeye mwenyewe.

Hata hivyo sitaki nieleweke kwamba nadai kila kisichouzwa ni dhahabu iliyofukiwa. Bohari nililolitunza lilikuwa na vitabu ambavyo panya tu ndio waliovitendea haki, na ningekuwa mwongo kusema vilionewa. Tofauti, kwa jinsi ninavyoiona, iko katika kile kinachofanywa na wachache waliobahatika kukipata kitu: je, wanakiweka kando, au hawawezi kutulia mpaka wampe mwingine? Mwenzake shemeji aliyerekodi ile kanda hakuwa akilipwa na mtu. Kipimo hicho hakina takwimu za wiki, na kinahitaji miaka 10 au 15 kutoa jibu, jambo ambalo nakubali halifai sana kwa ukurasa unaotoka kila Jumamosi.

Wala sitaki kuipamba habari hii kupita kiasi, maana sifa zilizochelewa hazikuwalisha waliozifanyia kazi. Chris Bell alirudi kufanya kazi katika mgahawa wa familia yake. Mwaka 1978 alipata kutoa nyimbo mbili tu kwa jina lake, kwa msaada wa kampuni ndogo ya mwanamuziki aliyempenda, na tarehe 27 Desemba mwaka huo akafa katika ajali ya gari akiwa na umri wa miaka 27. Santuri yake nzima ilitolewa mwaka 1992, miaka 13 baada ya mazishi. Chilton, kwa upande wake, kuna kipindi mwanzoni mwa miaka ya 1980 alikuwa akiosha vyombo New Orleans, wakati vijana wa miji mingine wakikariri mapigo yake ya gitaa. Alipoulizwa baadaye kuhusu ukuu wa Big Star mara nyingi alijibu kwa ubaridi, kama mtu asiyeelewa watu wanashangilia nini, na mimi siamini kwamba ulikuwa unyenyekevu. Nadhani alikuwa akikataa kusherehekea pamoja na karamu iliyofika baada ya njaa.

Hata hivyo alikubali kurudi. Mwezi Aprili mwaka 1993 wanafunzi waliokuwa wakiendesha redio ya Chuo Kikuu cha Missouri waliwaomba Chilton na Stephens wapige tena kwa jina la Big Star, nao wakakubali, wakisaidiwa na vijana wawili wa bendi ya The Posies waliokuwa wamejifunza nyimbo zote kutoka kwenye santuri. Kikosi hicho kiliendelea kukutana kwa miaka 17, muda mrefu mara kadhaa kuliko uhai wa bendi ya kwanza. Chilton alifariki dunia New Orleans tarehe 17 Machi 2010, siku tatu kabla ya onyesho lililokuwa limepangwa katika tamasha la South by Southwest mjini Austin. Onyesho halikufutwa, bali wanamuziki waliokuwepo walipanda mmoja baada ya mwingine kumwimbia. Hummel alifuata Julai mwaka huo huo.

Kwa hiyo namwomba mwandishi wa makala, kwa heshima, atofautishe mambo mawili aliyoyachanganya: kazi ambayo watu waliipata wakaikataa, na kazi ambayo watu waliitafuta wakaikosa. La kwanza anaweza kulihukumu kwa takwimu anazozipenda. La pili atalazimika kuuliza maswali ambayo sisi wa bohari tulikuwa tukiulizana kila mwisho wa mwezi: nakala ngapi zilitoka, zilipelekwa wapi, nani alizipokea, na zilikaa rafuni kwa siku ngapi kabla hazijarudishwa. Akishawauliza wasanii wetu na wasambazaji wao maswali hayo, aandike tena, nami nitamsoma.

Endapo angependa kuisikiliza bendi yenyewe, ile kanda ya shemeji imechakaa na upande wa pili haulii tena, lakini haihitajiki. Siku hizi santuri zote tatu zinapatikana kwa urahisi hata akiwa amekaa ofisini kwake, jambo ambalo mwaka 1972 lilimshinda mtu aliyekuwa Marekani, aliyekwisha kuusikia wimbo redioni, na aliyesimama ndani ya duka la santuri akiwa na fedha mkononi.

Wako mtiifu,

Msambazaji vitabu mstaafu,
Tanga